Mbwa wangu wawili wamegoma kona moja tu ya korongo la Soni. Wenyeji wa Usambara, pale pana nini?

#1 Njia ya Panya
Wakuu, salaam. Nakaa Lushoto, nafuga mbwa wawili. Bosi ana damu ya Kijerumani kidogo, masikio yake mpaka leo hayajaamua kusimama au kulala. Utajiju ni koko wa kawaida, nilimpata kwa mzee mmoja wa vijiji vya chini ya Soni akiwa ameshakua.

Jumamosi nilishuka nao alfajiri mpaka Soni, tukapita chini ya maporomoko na kuufuata mto kuelekea upande wa Mombo, ile njia ya miguu inayopanda na kushuka kando ya maji. Mnaijua Julai yetu. Ukungu umelala mtoni, majani yanachuruzika, vidole vimekufa ganzi hata kufunga kamba ya kiatu ni kazi. Mbwa ndio kwanza wanaona sikukuu, wako mbele wananusa kila jiwe.

Kuna mahali korongo linabana. Kushoto mwamba mweusi unaotoka majimaji, kulia mto, katikati njia ya mtu mmoja. Ilikuwa kama saa moja na nusu. Utajiju akasimama. Manyoya ya mgongo juu, mkia kati ya miguu, habweki, anaguna tu kwa ndani. Bosi akamfikia, akainua pua, naye akarudi nyuma ya miguu yangu. Nimeita, nimetoa andazi, nimemvuta kwa kamba, amekita kucha chini mpaka kola inamvuka kichwani. Nikatangulia peke yangu hadi ng'ambo ya mwamba kuwaonyesha njia ni salama. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Kugeuka, jamaa wamekaa palepale wananiangalia mimi kwa huruma.

Tukapanda barabarani, tukazunguka, tukashukia mbele. Sasa sikilizeni: tunarudi saa tano, jua limeshaingia korongoni, mbwa walewale wamepita pale mbio bila hata kunusa. Kitu gani kile?

#2 Kalamu Butu
Naweka kigoda hapa. Bila picha hii ni chai, tena ya Mponde, daraja la kwanza.

#3 Mgosi wa Soni
Mkuu, kama ni pale ninapopafikiria, kabla hujaanza kusikia malori yanabadili gia kwenye kona za juu, basi hata sisi wakati tunachunga mbuzi tulikatazwa kupiga mluzi pale. Bibi alikuwa anasema pana wenyewe. Tulipita, mbuzi walipita, lakini kimya kimya. Wazee walikuwa wanapeleka tambiko misituni na mitoni mvua ikikawia, na mahali pa tambiko hapachezewi. Hulazimishwi kuamini. Ila mbwa anaona tusiyoyaona.

#4 Chumbageni
Mtu na akili zake timamu anaamka alfajiri, baridi ya Lushoto, anawatembeza mbwa! Huku Tanga mjini mbwa anajitembeza mwenyewe, wewe unamkuta gengeni keshafika zamani.

Haya, utani pembeni. Mbwa anayeogopa maji ana kichaa. Wawahi hao kabla hawajakuwahi.

#5 Daktari wa Ng'ombe
Namba 4 usitishe watu. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyepata kichaa cha mbwa, koo linakaza akijaribu kumeza. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuvuka mto vizuri tu akakung'ata ng'ambo. Kwa mbwa angalia tabia kubadilika ghafla, mate kumtoka, taya kulegea, kung'ata mpaka mawe na vijiti, halafu miguu kupooza. Tena ugonjwa ule hauna likizo: haumkamati mbwa saa moja ukamwachia saa tano.

Ila kwa kuwa umeligusa. Mtoto wa mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akikung'ata mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Si kupaka pilipili, si mafuta ya taa, si kumkata mbwa manyoya ukayachoma. Nimeyaona yote hayo Handeni.

Mtoa mada, mimi jibu langu ni la kawaida. Nyayo za mbwa zilizolowa kwenye mwamba wenye ukoga, asubuhi ya baridi, hazishiki. Koko ana manyoya mafupi na tumbo halina manyoya, maji ya baridi yanamfikia moja kwa moja. Aliona utelezi, akakataa. Jua lilipokausha, akapita. Mbwa si mjinga.

#6 Njia ya Panya
Daktari, asante. Chanjo wanazo, kadi ziko kabatini. Lakini kwa utelezi hapana. Walikuwa wameshavuka mawe mabaya zaidi huko juu, tena Utajiju anaruka mpaka raha. Na utelezi hausimamishi manyoya ya mgongo.

#7 Mchuma Chai
Nimefanya kazi mashamba ya chai huku milimani, niwape kitu kimoja. Usiku hewa ya juu mlimani inapoa, inakuwa nzito, inateremka mabondeni na kujikusanya. Ndiyo maana bondeni mche unaungua kwa baridi wakati aliye mlimani juu yake amesalimika. Hewa hiyo inateremka na korongo mpaka jua lipige kuta, ndipo inageuka na kuanza kupanda. Asubuhi mapema harufu inashuka, mchana inapanda.

Kwa hiyo saa moja na nusu mbwa alikuwa anasoma barua nyingine kabisa, si ile ya saa tano. Kitu hakikuwa lazima kiwe pale. Mkuu, pale mwambani pana kijito cha pembeni au mpasuko unaotoka juu?

#8 Mwindaji Mstaafu
Vijana mna maneno. Umesema huyo koko ulimpata mkubwa, kwa mzee wa vijiji hivyohivyo. Ulimuuliza alikuwa anafanya naye kazi gani? Mimi nimewinda nguruwe pori tangu nikiwa na nywele. Mbwa aliyewahi kunaswa kwenye kitanzi cha waya haisahau sehemu ile, hata miaka ipite. Njia nyembamba kati ya mwamba na maji ndipo hasa mtu anapotega, maana mnyama hana pa kupita. Angalia miguu yake ya nyuma na shingo, tenganisha manyoya. Ukikuta mstari usioota nywele, jibu unalo.

#9 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Wanangu hamjambo. Mimi nauliza la kwangu. Huyo mbwa amelowa, kakusugua suruali, umemvuta kwa kamba yenye mate, halafu adhuhuri imekukuta njiani. Ulisali na nguo zipi?

Na jina gani hilo la Utajiju? Ukimwita barabarani si kila mtu anageuka kukutukana?

#10 Kalamu Butu
Bi Mkubwa nimecheka mpaka mke wangu kauliza. Kwetu Muheza jirani alikuwa na wake anaitwa Waache Waseme. Kila jioni akimwita, nyumba ya pili wanafunga madirisha.

#11 Njia ya Panya
Shikamoo Bi Mkubwa. Nilibeba kanzu kwenye mfuko wa nailoni, na mbwa niliwafunga mbali kwenye mpera. Jina alikuja nalo kwa mzee, nilijaribu kumbadilisha akagoma kuitika.

#12 Juzuu Amma
Bi Mkubwa, kwa madhehebu yetu ya Shafi'i huku pwani, najisi ya mbwa inahamia penye unyevu. Mkavu kwa mkavu haihamii. Palipolowa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wenzetu wa Maliki wao wanasema mbwa aliye hai ni tohara, ingawa chombo alichoramba nao wanakiosha mara saba. Na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa ametajwa katika Suratul Maida, alichokukamatia kinaliwa ukitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kufuga kwa uwindaji, mifugo au shamba kumeruhusiwa. Kwa matembezi, hapo ndugu yetu ajitetee.

#13 Njia ya Panya
Naja kwa Mwindaji. Leo nimempapasa Utajiju nyumbani. Mguu wa nyuma wa kulia, juu kidogo ya kisigino, kweli kuna mstari hauna manyoya. Mwembamba, unazunguka nusu ya mguu. Siwezi kuapa kama ni waya au ni kidonda cha kawaida.

Mchuma Chai, mpasuko upo. Umejaa majani mapana, unapanda kushoto mpaka huoni mwisho. Nakumbuka nilipopita hapo baridi ilinipiga shavuni, upande mmoja tu.

#14 Mwindaji Mstaafu
Nimemaliza. Fungeni uzi.

#15 Dada wa Mombo
Mzee wangu shikamoo, lakini usifunge. Waya umemkamata Utajiju. Bosi je? Na kama ni kumbukumbu, mbona saa tano kapita mbio? Kumbukumbu nayo inakauka na jua?

Na wewe Mchuma Chai nimekuelewa, ila mwenzetu alikuwa ANATEREMKA. Kama hewa ya asubuhi inashuka na mto, basi harufu ilikuwa inamjia mgongoni. Ya mbele asingeipata.

#16 Mchuma Chai
Dada, ndiyo maana nimeuliza mpasuko. Hewa ya korongo kubwa inamjia mgongoni, sawa. Ya mpasuko inateremka kivyake na kumwagikia pale pale njiani, ndiyo iliyompiga shavuni. Mbwa wamefika, wamekutana na harufu ya huko juu. Mbele yao hapakuwa na kitu, kushoto juu ndiko kulikuwa na mwenyewe. Na Bosi alinyanyua pua kwanza kabla ya kurudi, soma tena namba 1.

#17 Mpare Halisi
Jamani na maji je? Kwetu Same ndiva, lile bwawa la kienyeji la kumwagilia, inajazwa usiku, asubuhi lango linafunguliwa. Ukiwa chini mferejini, mbwa anasikia maji yanakuja wewe bado huna habari. Huko kwenu watu wanamwagilia kabichi na karoti mabonde yote, huenda mtu alifungua maji huko juu saa hizo. Mwamba unatoka majimaji, kasema mwenyewe.

#18 Mgosi wa Soni
Mpare hawezi kupita uzi bila kutaja ndiva. Siku hizi bondeni wanavuta kwa mashine ya petroli, utaisikia hata wewe, usimsingizie mbwa.

#19 Dada wa Mombo
Mimi nawaletea nyani. Huku kwetu chini tunao, wanalala kwenye kuta za mawe kwa kuogopa chui, na asubuhi ya baridi hawana haraka. Wanabaki wamejikunyata mwambani mpaka jua liwafikie, ndipo washuke kwenye mahindi ya watu. Mpasuko wenye majani, jiwe, baridi, hayo ni malazi yao kabisa. Kwetu tulikuwa na mbwa jike mkali, anafukuza hata pikipiki. Siku moja aliingia kwenye kundi, dume moja likamshika kwa mikono na kumchana shavu hadi meno yakaonekana. Mama alimshona kwa uzi wa gunia. Alipona, lakini toka siku ile akisikia ukelele wao anaingia chini ya kitanda, na hao watoto aliowazaa baadaye walikuwa wakimwona mama yao anakimbia, nao wanakimbia, hawajui hata wanakimbia nini.

Kwa hiyo Bosi aliyemwiga mwenzake mimi haniumizi kichwa. Saa tano nyani wameshaondoka, njia nyeupe.

#20 Mwindaji Mstaafu
Binti, nyani mbwa anambwekea. Anabweka mpaka sauti inakauka, akiwa mbali. Mbwa wawili kunyamaza, mkia ndani, kuguna tumboni, hiyo ni salamu ya chui.

#21 Kalamu Butu
Chui Soni, karibu na barabara ya lami? Anapanda Noah ya saa ngapi?

#22 Mwindaji Mstaafu
Cheka. Chui anakaa karibu na watu kuliko mwenye nyumba unavyodhani, mbuzi na mbwa ndio mboga yake. Sijasema yupo. Nimesema mbwa wamesema.

#23 Chumbageni
Yaani mpaka sasa tuna mizimu, waya, utelezi, hewa, ndiva, nyani na chui. Bado jini bahari tu, na mimi nipo tayari kumleta kutoka Raskazone.

#24 Njia ya Panya
Kuhusu nyani: sikuona kinyesi wala mahindi yaliyotafunwa. Harufu ya mkojo sikuisikia, ila pua yangu asubuhi ile ilikuwa inavuja tu. Kuhusu chui: sikutafuta nyayo, na palikuwa na mawe matupu.

#25 Daktari wa Ng'ombe
Nabaki na utelezi, lakini sigombani. Kwa wanaotaka kuiga safari hizi, mambo mawili ya kweli kuliko chui.

Mkishuka mpaka mbuga za chini, upande wa Mkomazi, kuna ndorobo. Mbwa anaumwa nagana, ugonjwa wanaoeneza nzi hao, haraka sana kuliko ng'ombe. Homa, anakonda, na jicho linaingia wingu jeupe, watu wanadhani amepigwa na tawi. Ukiona hivyo baada ya safari, nenda kwa bwana mifugo, usisubiri. Pia yale madimbwi yaliyotuama kando ya mto, mbwa asinywe. Mkojo wa panya unaleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022, na mbwa naye anaipata na kuipitisha kwa watu.

Na baridi msiidharau. Soni ni mita 1,200 hivi, Mombo ni 400 na kitu. Ukipanda kurudi, kwa kila mita 1,000 unapoteza nyuzijoto kama 6, na mbwa ameshalowa na kuchoka. Akitetemeka, vizuri, mwili unapigana. Akiacha kutetemeka huku anapepesuka na fizi zimepauka, hapo mfute kwa gunia kavu, mfunike, mkumbatie. Usimweke motoni ghafla. Bi Mkubwa anisamehe.

#26 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Umesamehewa. Udongo upo, maji yapo.

#27 Chumbageni
Hivi kwa nini usiende Amani, kule kwenye bustani ya Wajerumani? Mto Zigi, kivuli, hakuna chui anayesema.

#28 Juzuu Amma
Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, mbwa wa matembezi hana kazi mle. Magamba hivyo hivyo. Na huo Zigi ndio unajaza bwawa la Mabayani tunalokunywa sisi Tanga mjini. Bosi aoge kwao.

#29 Kalamu Butu
Basi ashuke Hale, atembee kando ya Pangani. Kule mbwa akigoma hakuna haja ya kufungua uzi, ni mamba.

#30 Mgosi wa Soni
Mnacheka lakini mmesahau nchi hii ya Usambara ilivyoanza. Mbegha alikuja kutoka Ngulu na mbwa wake, mwindaji, anaua nguruwe walioharibu mashamba, anawagawia watu nyama, mpaka wakamfanya mfalme pale Vugha, Simba Mwene. Ukoo mzima wa Wakilindi umetoka kwa mtu na mbwa wake. Mbwa wakigoma mbele ya Mbegha, Mbegha angesimama. Asingetoa andazi.

#31 Mpare Halisi
Hapo nimekupa. Ila bado sijaona aliyeenda kuangalia mfereji.

#32 Mchuma Chai
Kuna namna ya kupunguza majibu. Njia ya Panya, rudi saa ileile, asubuhi ya ukungu, lakini uanzie CHINI ukipanda. Chukua moshi wa udi au kijiti kinachofuka. Fika mwambani, tazama moshi unaelekea wapi. Ukimwagika kutoka kwenye mpasuko, mimi nipo. Ukisimama tu, namwachia Mwindaji.

#33 Mwindaji Mstaafu
Na umwache huyo Utajiju nyumbani. Nenda na Bosi peke yake. Bosi akipita, tatizo ni mguu wa mwenzake. Umvalishe njuga, na usimwite wala kumvuta, mwache achague. Kabla ya hapo mpitie yule mzee aliyekupa mbwa, umpelekee sukari, umuulize alimpata wapi na kovu.

#34 Njia ya Panya
Mzee amehamia kwa mwanawe Korogwe, namba yake natafuta. Moshi na Bosi nitajaribu wiki hii kama ukungu utashika. Mgosi, utanisindikiza?

#35 Mgosi wa Soni
Nitakusindikiza mpaka kabla ya mwamba. Mluzi usipige.

#36 Chumbageni
Na mimi nakuja, nimechoka kusimuliwa. Kutoka Tanga napitia wapi, na nivae nini?

#37 Dada wa Mombo
Basi mpaka Mombo, kisha gari dogo la Soni, kaa upande wa bondeni kama una moyo. Uje na sweta, na hiyo msuli uliyovaa kwenye picha yako uiache Chumbageni.